UZI: Madimoni, mayatima na maiti wasiozikwa. Tulivyozipa majina kompyuta za skuli yetu Wete

Mwalimu_Wete

Assalaam alaykum wanabaraza. Uzi huu mrefu, mwenye kahawa na amimine kabisa.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Mwaka jana tulipata msaada wa kompyuta 13 zilizokwishatumika. Windows iliyokuwemo imepitwa na wakati na leseni haina, nikaifuta nikaweka Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Kuiweka hakukunichukua hata siku mbili. Kilichonichukua wiki nzima ni majina, na hicho ndicho ninachotaka tukizungumze, maana sijamuona mtu wetu akikiandika.

Ilianza hivi. Siku ya mwanzo niliwakusanya wanafunzi wa Kidato cha Pili mbele ya mashine moja, nikaiwasha kwa namna ya kuonyesha maandishi yote badala ya ile picha ya kusubiri, ili waone mashine inavyoamka. Mistari ikawa inapanda mbio. Msichana mmoja wa mbele, hodari wa Kiingereza, akanyoosha kidole: "Mwalimu, pale pameandikwa dimoni!" Na kweli pameandikwa. Ulikuwa ule mstari wa huduma inayofanya kazi za ratiba, na mwisho wake pana neno "daemon". Wa nyuma wakasimama. Mmoja akauliza kama kompyuta hizi zimekuja na majini ya huko zilikotoka. Jioni yake mzazi akanipigia simu, kwa adabu lakini roho juu, anataka kujua mwanawe anasomeshwa kitu gani.

Anayeijua Pemba hatalichukulia hilo jambo dogo. Mwaka 1995 watu wazima walilala nje mbele ya nyumba zao, wamewasha moto, kwa khofu ya Popobawa, lile pepo la usiku. Mimi nilikuwa mtoto, nimelazwa kwenye mkeka kati ya mama na bibi, na harufu ya ule moshi naijua mpaka leo.

Nikamwendea ustadhi anayesomesha chuo cha Qur-ani jirani na skuli, nikamweleza. Hakunijibu kitu. Alivaa kofia yake akasema, "Twende ukanionyeshe."

Akakaa mbele ya mashine, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. Nikamfungulia orodha ya kazi zote zinazokwenda ndani ya mashine, zile ambazo majina yake mengi yanaishia na herufi d. Akawa anapitisha mswaki wake mbele ya kioo, mstari baada ya mstari, bila ya kukigusa.

"Huyu kazi yake nini?"

Anangojea karatasi za kuchapisha.

"Na huyu?"

Anashika saa.

"Huyu je?"

Amekaa mlangoni, anasikiliza kama yuko mtu wa mbali anabisha hodi.

"Wanalala?"

Hawalali.

"Wanaonekana?"

Hawana dirisha wala kitufe. Huwaoni mpaka uwatafute.

Ustadhi akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Hawa ni kama majini wa Nabii Suleiman, alayhi salaam. Wametiwa kazini."

Wallahi, nimesoma kompyuta miaka, hakuna aliyepata kunifahamisha vizuri namna ile.

Jina lenyewe lina asili yake. Mwaka 1963 watu wa mradi wa Project MAC pale MIT, Marekani, walihitaji jina la programu zinazofanya kazi chinichini bila ya kuitwa. Wakalichukua kwa mwanafizikia wa Scotland, James Clerk Maxwell, aliyewahi kumfikiria kiumbe mdogo asiyechoka anayekaa kwenye mlango baina ya vyumba viwili vya hewa, anapitisha chembe zinazokwenda mbio upande huu na zinazokwenda pole upande ule. Na neno la Kigiriki cha kale halikuwa na maana ya shetani mwovu peke yake, lilikuwa ni roho tu, inaweza kuwa ya kheri. Kwa hiyo msichana wetu alisoma sawasawa, ila neno limepita njia nyingine. Lilikuwa ni utani wa wasomi, ukaganda ukawa jina la kazi.

Sasa ngojeni kidogo. Katika mashine ya aina hii kila kazi ina namba yake na ina mzazi aliyeizaa. Fundi wa zamani wa Unix, mfumo ambao Ubuntu imefuata nyayo zake, akitaka kutengeneza dimoni, anaizaa kazi, kisha yule mzazi anakufa kwa makusudi. Mtoto anabaki yatima. Hatupwi: analelewa na kazi namba 1, ile ya mwanzo kuamka, na anaendelea na shughuli yake kama kawaida.

Nilipolieleza hilo ustadhi alinyamaza. Halafu akanisomea Surat Sabaa, aya ya 14. Nabii Suleiman alifishwa naye ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na adhabu ya kazi wala hawakujua, mpaka mnyama wa ardhi alipoila ile fimbo akaanguka. Kisha akaniuliza, "Hawa wako nao hawajui kama mzee kafa?" Nikamwambia hapo pana khitilafu, hawa wakiuliza mzazi wao ni nani hujibiwa namba 1. Akaipenda sana jawabu hiyo. Akasema basi mashine yako inalea mayatima, na malipo ya anayemlea yatima tunayajua.

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akataka kuendeleza mfano. Akasema, kwa hiyo namba 1 ndiye... Ustadhi akamnyanyulia mkono kabla hajamaliza. Akanigeukia mimi: "Huyo namba 1 ana mzazi?" Nikamwonyesha kwenye safu yake: mzazi wake ni namba 0, yuko ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo. "Basi kazaliwa," akasema. "Mfano umefika mwisho wake hapo." Na kijana, ambaye anaihifadhi Suratul Ikhlas, isemayo Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, tangu hajaota meno ya pili, akafahamu papo hapo.

Nataka kusikia kwenu. Nitaendelea na habari ya majina.

WaTanga

Mwalimu shikamoo. Vipi kuhusu ile kazi inayokufa lakini kwenye orodha bado ipo? Sisi huku Bara tungeiita msukule moja kwa moja.

Mwalimu_Wete

Marahaba. Umegusa penyewe. Waingereza wameazima jina la mfu anayetembea, zombie, lakini mimi naona jina hilo linapotosha, na lenu la msukule vilevile. Msukule anafanyishwa kazi. Huyu wetu hafanyi chochote, hali chakula, hana nafasi kwenye kumbukumbu, kilichobaki ni jina lake tu kwenye daftari. Amekufa, lakini mzazi wake hajaja kupokea habari ya kifo chake.

Mimi nimewasomesha kwamba huyo ni maiti asiyezikwa. Pemba kila mtoto anajua kuwa maiti hakai, akifa asubuhi adhuhuri kaburi lishachimbwa. Kwa hiyo wakimwona mmoja kwenye orodha wanakosa raha hasa! Wa mwanzo kumwona alimpiga amri ya kuua mara tatu na hakuondoka. Nikamuuliza: aliyekufa unamuua vipi? Dawa ni kumwendea mzazi. Mzazi akiondolewa, maiti anakwenda kwa namba 1, na huyo hazembei, anamzika mara moja. Darasa zima lililifahamu jambo hilo kwa dakika tano, na mimi nilipokuwa nikisomea kompyuta liliniweka mwezi.

Fundi_Darajani

Yakhe mwalimu, umenikumbusha mbali. Miaka ile nikiweka FreeBSD dukani kwa watu, mfumo mwingine wa jamii hiyo hiyo ya Unix, alama yake ni kishetani chekundu, kimevaa raba, mkononi kina uma. Mteja mmoja mzee alikiona kwenye kioo akachukua mashine yake akaondoka, hakunipa hata salamu. Nilimkimbilia mpaka karibu na soko la samaki kumweleza.

Ule uma nao una maana. Tendo la kazi kuzaa kazi nyingine kwa Kiingereza linaitwa kwa jina la uma, kwa sababu njia moja inagawika ikawa mbili. Kwa hiyo kila kitu katika ile picha ni chemshabongo ya mafundi. Lakini mzee wa watu atajuaje? Tangu siku ile sikiweki tena mbele ya mteja, naweka picha ya jahazi.

Binti_Mkunazini

Mimi ni Mkristo, nimezaliwa hapa Mjini Magharibi, naomba nichangie upande wetu. Utani huu mwingi umetoka kwa watu waliokulia na kanisa au pembeni yake, na ukilijua kanisa unaufurahia zaidi.

Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huru wa GNU mwaka 1983, ana tabia ya kuvaa joho kwenye mihadhara na kujiita Mtakatifu IGNUcius wa Kanisa la Emacs. Ile duara ya nuru inayochorwa juu ya vichwa vya watakatifu, yeye anaweka sahani ya diski kuu ya zamani. Emacs ni programu yake ya kuandikia, na mshindani wake ni vi, aliyoandika Bill Joy mwaka 1976. Sasa ukiisoma vi kwa tarakimu za Kirumi ni 6. Ziandike tatu mfululizo, halafu fungua Ufunuo 13:18 uone imetoka namba gani. Anaulizwa: je, kutumia vi ni dhambi? Anajibu kwamba vi iliyo huru, ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuibadilisha, si dhambi, ni kitubio. Nilicheka peke yangu ofisini, kwa sababu kitubio nakijua, nimewahi kupewa na padri.

Na mwaka 1994 Umberto Eco, msomi wa Italia, aliandika kwamba kompyuta ya Macintosh ni Mkatoliki na mfumo wa DOS ni Mprotestanti. Mkatoliki anaongozwa hatua kwa hatua kwa picha nzuri mpaka anafika. Mprotestanti anaachiwa aisome amri mwenyewe, aifasiri mwenyewe, na akipotea ni juu yake. Mwalimu, kwa hesabu hiyo wanafunzi wako wa Ubuntu wanaoandika amri kwa mkono ni akina nani?

Mwalimu_Wete

Dada yangu, hilo la kitubio nitamsomea ustadhi. Wanafunzi wangu tutawaacha na chuo chao.

Ila umesema jambo kubwa: utani unanoga kwa anayeijua dini inayotaniwa. Ndiyo maana nataka na sisi tuwe na wetu, uliotoka chuoni na barazani kwetu. Sisi tunavitumia vitu hivi kila siku na vicheko vyake vyote ni vya kuazima.

AbuSumayya

Ndugu yangu mwalimu, nimekusoma kwa makini na sina ugomvi nawe. Lakini ogopa. Leo ni majini wa Suleiman, kesho mtoto ataona kila aya ni kitu cha kuchekea. Dini haitaniwi.

Mwalimu_Wete

Sheikh wangu, nakushukuru, na khofu hiyo ninayo mimi pia. Nikupe yaliyotokea.

Mwanafunzi mmoja, kwa mapenzi tu, aliweka Ayatul Kursiyyu kuwa picha ya mbele ya kompyuta. Maandishi ya dhahabu, mashaallah. Nilipopita nikaona pipa la taka la mashine limekaa barabara juu ya Jina la Mwenyezi Mungu, na kila faili linalofutwa linaburutwa mpaka pale. Yeye hakuliona. Hakutania, alitukuza, na matokeo yake ndiyo yale. Tukaiondoa, tukaweka picha ya mikarafuu, na nikawaambia wote kwamba aya haikai mahali ambapo vitu vinatupwa au kufunikwa. Mimi naona adabu ilivunjika zaidi pale palipokuwa na nia njema kuliko katika kicheko cha ustadhi.

Jambo jingine. Wenye Ubuntu wanaijua amri ya sudo, inayompa mtu mamlaka yote ya mashine kwa muda. Yakiwashwa mawaidha yake, ukiitumia mara ya mwanzo inakwambia: heshimu faragha ya wenzako, fikiri kabla hujaandika, na uwezo mkubwa unakuja na dhamana kubwa. Wanafunzi wanaiita khutba. Asiye na idhini akiijaribu, inamjibu kwamba hayumo kwenye orodha na, kwa matoleo yasiyo mapya sana kama letu, kwamba tukio hili litaripotiwa. Kijana mmoja akaniuliza linaripotiwa wapi. Nikamwambia, linaandikwa kwenye daftari la mashine. Akawaza, akasema: "Kumbe na hii ina Raqibu na Atidi wake." Sikujua nicheke au nikemee. Nikampelekea ustadhi. Akasema, kama mashine imemkumbusha mtoto kwamba anaandikwa, mwache nayo.

Kijana_wa_Michenzani

Kuna yule Mmarekani aliyetengeneza mfumo mzima akasema kaagizwa na Mungu. Huyo ndiye kichekesho cha mwaka, hahaha.

Mwalimu_Wete

Mwanangu, hapo sitacheka nawe. Unamkusudia Terry Davis, wa TempleOS. Aliuandika mfumo wote peke yake kwa zaidi ya miaka kumi, akaitungia lugha yake mwenyewe ya HolyC, kioo cha nukta 640 kwa 480 na rangi 16 tu, kwa kuwa aliamini ndivyo alivyoamrishwa. Hauna hata mtandao. Alikuwa mgonjwa wa akili na alikufa mwaka 2018 katika hali ya kusikitisha. Mafundi wakubwa wanaistaajabia kazi yake mpaka leo. Mgonjwa anaombewa.

Kijana_wa_Michenzani

Nimekufahamu mwalimu, samahani. Tuletee majina.

Mwalimu_Wete

Haya. Kila kompyuta kwenye mtandao inataka jina lake. Nikawaachia wanafunzi wapendekeze, na mapendekezo ya kwanza yalikuwa Yussuf, Idrissa, Mussa, Jibrili. Kwa mapenzi tena, jamani. Nikawaambia tuyajaribu kwa mdomo kabla ya kuyaandika. Kompyuta ikizimika mtasemaje? Mmoja akaanza: "Mwalimu, Idrissa amek..." akaishika midomo yake. Nikamuuliza mwingine, na hii isipojibu kwenye mtandao? Hakuthubutu. Majina ya Mitume na Malaika yakafutwa ubaoni na wao wenyewe, na aliyeshika kifutio ni yule yule aliyeyapendekeza.

Tukenda baharini. Pepo kwanza: Kaskazi, Kusi, Matlai, Umande. Kisha samaki: Changu, Nguru, Jodari, Kolekole, Chewa, Tasi, Kibua. Mmoja akataka Ng'onda, kwa kuwa kwao wanauza, lakini jina la kompyuta linapokea herufi, tarakimu na kistari tu, ile alama ya ritifaa hailitaki kabisa. Alisikitika mno mtoto yule. Kuna mashine moja kila ukiiacha dakika mbili inalala na kuiamsha ni kazi, hiyo haikuhitaji mjadala, wote kwa sauti moja: Pono!

Hapo ni 12. Ya 13, inayogawa mtandao kwa nyingine zote, ikabaki bila jina.

Bi_Mkubwa_Chake

Wanangu, mimi nimesomesha Kiswahili miaka 31, sasa nimepumzika. Nimesoma uzi wote na mjukuu wangu. Mwalimu, hilo "dimoni" halipendezi na "jini" litakugombanisha na wazazi. Kiswahili kina neno: mngoja. Mngoja mlango, mngoja zamu. Kitu kinachokaa kikangoja kazi yake ni mngoja, wingi wangoja. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 waliyatafutia maneno ya Kiswahili mambo mengi ya kompyuta. Na sisi tuna BAKIZA yetu, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lipeleke huko walipime.

Mwalimu_Wete

Shikamoo bi mkubwa. Mngoja! Kesho naliandika ubaoni. Wanafunzi watabaki na jini kwa mazungumzo, nawajua, lakini kwenye mtihani ni mngoja.

Fundi_Darajani

Na mpangilio wa saa mlifanyaje? Mimi kila nikifika pale huwa naumia. Kwenye orodha ya saa za dunia, Komoro imo, Mayotte imo, Zanzibar haimo, unachagua Dar es Salaam.

Mwalimu_Wete

Tulichagua hivyo hivyo, saa ni moja tu. Kilichotushughulisha ni programu ya nyakati za sala. Ilikuja imewekwa kwa madhehebu ya Hanafi, ambao alasiri yao inaingia kivuli kikiwa mara mbili ya kitu. Sisi Mashafi ni mara moja. Kwa hiyo msikiti unaadhini na kompyuta kimya, halafu wakati watoto washasali inaanza kuadhini peke yake! Ustadhi akasema kwa utulivu kabisa, "Mgeni huyo, mwonyesheni njia." Tukambadilishia.

Lililonifurahisha zaidi ni dira ya kibla. Kila mwanafunzi aliyeifungua alisema imeharibika, mshale umesimama wima, ukiandika Wete hauendi kulia wala kushoto. Nikachukua ramani. Wete na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, tofauti haifiki digrii moja, kwa hiyo kutoka kwetu kibla ni kaskazini, moja kwa moja. Unguja mnapinda kidogo kuelekea mashariki, kama digrii moja na ushei. Walikwenda dirishani wote, wakatazama upande wa kaskazini, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

AbuSumayya

Allahu Akbar. Hilo la kibla sikulijua na miaka yote naishi hapa hapa Pemba. Mwalimu, endelea. Ya 13 mliipa jina gani?

Mwalimu_Wete

Ustadhi ndiye aliyeipa. Aliuliza kazi yake nini, nikamwambia inakwenda mbali na kurudi na habari kwa wenzake. Akasema huyo ni Hudhud, ndege aliyemletea Nabii Suleiman khabari za Sabaa. Ni ndege, jina lake halina uzito wa jina la Mtume, na chuo kizima wanakijua kisa chake.

Juzi Jumatatu mtandao ulikatika katikati ya somo. Nimeinamia waya chini ya meza, nikasikia yule msichana wa mbele, aliyeliona lile neno siku ya kwanza, anawauliza wenzake kwa sauti ya kusoma: "Mbona simwoni Hudhud? Au yuko ghaibu?"

Darasa likaangua kicheko, na kutoka mlangoni ustadhi akaiendeleza aya mpaka mwisho. Ilikuwa ni plagi tu imelegea.